Vidole Vitatu kwa Usiku

Nafika Casuarina saa kumi na mbili na robo,
na sanduku la manjano, waya wa mita arobaini,
na betri niliyoichaji kwa jirani
maana kwangu stima ilikatika tangu juzi.

Bwawa limenyamaza kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Vigae vya samawati vimeshikana, hapana ufa wa kuonekana.
Lakini linashuka. Vidole vitatu kwa usiku,
asema Dzombo, mlinzi na mtunza bustani,
na anapoitaja hesabu hiyo anatazama viatu vyake.

Kwa maana mwenye nyumba, kwa simu, kutoka ng'ambo,
alishatoa hukumu: maji hayana miguu.
Anayeyauza ni wewe.
Gari moja la maji ni elfu sita,
na miezi mitatu sasa mshahara wa Dzombo
unashuka sambamba na bwawa.

Jana niliacha ndoo ya maji kwenye ngazi ya kwanza,
nikatia alama ya penseli, ndani na nje.
Kaskazi imevuma usiku kucha. Ndoo imepungua unywele.
Bwawa, vidole vitatu.
Basi si upepo. Si jua.
Kuna mahali.

Waya mmoja nauzamisha majini,
mwingine nauchomeka udongoni, chini ya mwasumini.
Umeme wenyewe mdogo, wa kumtekenya chura tu.
Haupenyi kigae, haupenyi plasta;
pale maji yanapopita, hapo tu nao hupita.
Navaa visikizio. Naisukuma fimbo taratibu kando ya ukuta.

Upande wa mashariki, hakuna kitu.
Pembe ya ngazi, hakuna.
Kwenye mdomo wa pampu kuna mnong'ono,
lakini hicho ni kikohozi chake cha kila siku.
Dzombo amesimama na fagio, hafagii.

Ni nyuma ya taa ya chini ya maji, ile ya nne,
ndipo sauti inapopanda:
ti, ti, titi, titititi,
nami nashtuka kama niliyeitwa kwa jina la utotoni.
Nachukua bomba la sindano, nadondosha rangi nyekundu.
Uzi wa rangi unasita, unageuka,
unaingia ukutani kama mgeni anayeijua nyumba.

"Njoo uone."
Anapiga magoti. Anautazama uzi ule mpaka unakwisha.
Kisha anacheka, kicheko kifupi, kibaya,
cha mtu aliyerudishiwa chake kikiwa kimechakaa.

Wahenga walituachia shauri la kuziba ufa.
La kuusikia, hawakutuachia.

Nje ya ukuta, sawasawa na ile taa,
kuna kijishamba cha Mbeyu:
mchicha, mnavu, mabamia marefu kama kalamu,
mpapai uliobeba mpaka umeinama,
ilhali mtaa mzima haujaona mvua tangu Novemba.
"Mkono wangu una baraka," ananiambia, ananipa papai.
Nalipokea. Lina uzito wa miezi mitatu.
Ningemwambiaje?

Saa nne nazamia na gundi ya majini,
naishindilia ufani kwa kidole gumba.
Napanda, navaa visikizio tena. Titi. Ti.
Halafu ukimya, ule ninaolipwa kwa ajili yake.

Fomu ina visanduku sita:
aina ya uvujaji, mahali, kipimo, dawa, gharama, saini.
Cha mshahara uliokatwa hakimo.
Basi naandika pembeni, kwa kalamu inayokwaruza,
herufi kubwa: MTUNZAJI HAKUIBA.
Napiga picha, naituma ng'ambo.

Tiki mbili. Zimegeuka buluu.
Hakuna jibu.

Tumekaa ukingoni, mimi na Dzombo,
tunakula papai,
tunaitazama alama ya penseli.